Abee Kabla ya Kuinuka

Siku yangu ya kwanza kazini, pale ofisini Mishomoroni, nilifika na cheti cha kompyuta cha miezi sita na ndoto zisizoingia mlangoni. Leo nimeaga, naenda kufungua darasa dogo la kompyuta mtaani kwetu. Nyinyi mnaonifuata nawaachia kosa langu, mlitazame vizuri.

Kampuni yetu ilipeleka dawa majumbani. Oda iliyoingia kwa simu ilipumzika kwanza kwenye foleni ya ujumbe. Hiyo ni programu inayoshika oda kwa mpangilio mpaka programu nyingine, mpokeaji, ipate nafasi ya kuichukua na kuitafutia mtu wa pikipiki. Hata oda zikija mia kwa mpigo, mpokeaji hazidiwi. Akimaliza hutoa ithibati, yaani husema "tayari", na foleni huufuta ujumbe ule.

Sasa mimi nimelelewa kwamba ukiitwa, uitike abee papo hapo. Basi nikamwandika mpokeaji atoe ithibati pale tu anapopokea ujumbe. Niliona ndiyo adabu.

Asubuhi moja umeme ukakatika, mpokeaji akazimika kazi ikiwa mkononi. Uliporudi, foleni ilikuwa tupu. Nikafurahi wallahi, nikidhani oda zote zimekwisha pelekwa! Adhuhuri akapiga simu Bi Rukia wa Magogoni, mzee aishiye peke yake.

"Mwanangu, ile insulini vipi? Hapa sina hata tone."

Mkuu wa Mitambo, Bwana Kilonzo, mtu wa bara mwenye sauti ya kengele, akaisoma programu yangu.

"Mwanamisi, mamako akikuita unafanya nini?"

"Naitika abee."

"Halafu?"

"Halafu... naendelea na simu yangu."

Akacheka hata miwani ikamshuka. "Na mashine umeifunza hivyo hivyo! Imesema tayari, foleni ikaifuta oda, na kazi haijafanywa. Haya, peleka dawa mwenyewe, mbio. Foleni tutaitengeneza ukirudi."

Nikaipeleka ndani ya kikasha cha baridi. Bi Rukia alijidunga, kisha akaniombea dua ndefu, nami sikuwa na uso wa kuitikia amina.

Niliporudi tuliihamisha ithibati. Ikawa inatoka mtu wa pikipiki akishaikubali oda. Mpokeaji akizimika kabla ya hapo, ujumbe hurudi kwenye foleni. Na kwa kuwa unaweza kuja mara mbili, kila oda tuliipa namba, isipelekwe tena.

Juzi mama aliniita kutoka jikoni, anataka maji. Nikaweka simu, nikaenda kuchota kwanza. Akaita tena.

"We Mwanamisi! Umekuwa kiziwi?"

"Abee, mama," nikasema, nimesimama mlangoni na ndoo mkononi.