Bastola Niliyopewa Ikiwa Imefungwa

Usinicheke. Wengi wamenicheka, lakini haya niliyaona mwenyewe, na mikono hii hii ndiyo iliyoshika.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa kwenye karakana ya Mzee Kalsi hapa Birmingham, upande wa Lozells. Yeye Singasinga wa Nakuru, mimi Msomali wa Nakuru, Kiswahili chetu kimoja. Tulitengeneza silaha kuukuu za wakusanyaji, kwa kibali. Risasi ilikuwa marufuku kuvuka mlango, hata moja. Na Mzee alikuwa na sharti lake: ukimpa mtu bastola, mpe silinda, kile kigurudumu cha risasi, ikiwa wazi, aone matundu kwa macho yake. Ukisahau, atakufokea mpaka ujute kuzaliwa.

Siku hiyo tulikuwa tunalinganisha rivolva mbili za ukubwa wa kati. Moja triga yake, pale pa kuvutia kwa kidole, ilikuwa inateleza kama sabuni, ila nyundo ya kulipulia risasi inagonga kivivu. Ya pili ngumu, kidole kinauma, lakini haikukosea hata mara moja. Mimi niliipenda ile laini. Mzee akanibeza, "Laini ya nini, kama huwezi kuiamini?" Akatoka kununua chipsi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, majira ya baridi ya huku, giza tayari.

Mara nikasikia sauti yake nyuma yangu. Mlango haukulia, niamini. Nikageuka: kilemba kilekile, koti lilelile.

"Kijana, nyundo nimerekebisha. Iko tupu hii. Lenga mlango, vuta."

Akanipa ile laini, silinda imefungwa.

Nikalenga. Kidole kilishagusa triga, moyo ukanilipuka. Mzee Kalsi anipe bastola imefungwa? Tangu lini? Nikafungua silinda. Ndani kulikuwa na risasi.

Papo hapo mlango ukafunguka. Akaingia Mzee Kalsi, chipsi mkononi. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Wee! Niliketi sakafuni nikalia. Mzee aliitazama ile risasi, akafunga karakana. Tangu siku hiyo hatukufanya kazi jioni tena. Alifariki baadaye kwa uzee, kitandani kwake, alhamdulillahi. Lakini mpaka leo, baridi ikiingia, naisikia ile sauti nyuma yangu ikiniita "kijana". Naogopa, wallahi, na sigeuki.

Kwa hiyo wewe, ukipewa bastola ukaambiwa iko tupu, ifungue uone. Hata anayekupa akiwa na sura ya baba yako. Hata akiwa na sura yangu.