Salamu Zilizokwama Kwenye Seva

Ofisini kwetu Bariadi tunauza mashudu ya pamba ya kulishia ng'ombe. Kuna wiki barua pepe zilikuwa zinaingia vizuri ila hazitoki. Seva ya kampuni inayotupa intaneti ilizigomea. Kila nilipobadilisha mpangilio, nilituma ujumbe wa majaribio kwa mteja wetu wa Lalago. Wengine wangeandika "test" tu. Lakini huyu ni mzee wa Kisukuma, rika la baba yangu; ningemwandikiaje upuuzi huo? Nikatuma salamu ya Kisukuma: "Mwangaluka, baba." Ikagoma. Nikaulizia watoto. Ikagoma. Nikaulizia mvua.

Mwishowe nikagundua seva inadai nywila hata wakati wa kutuma. Nikaiweka, na salamu zote zilizokuwa kwenye foleni zikatoka kwa mkupuo. Mzee akazijibu moja moja, naye akaulizia watu wa kwetu. Nikajibu, akajibu. Kabla sijataja mashudu, seva ikatufungia, ikidhani tunasambaza matangazo.

Nikapiga simu huduma kwa wateja, nimechemka. Dada aliyepokea akauliza tunatuma nini kingi hivyo.

"Tunasalimiana," nikasema.

"Bado hamjamaliza?"

"Tutamalizaje, dada? Hata ng'ombe hatujawafikia."