Mshika kamba wa Sekenke na damu ya ukoo wake

Je, mtu anayeshika uhai wa mwenzake mikononi anawajibika kujua kilichojificha ndani ya kichwa chake mwenyewe? Makala haya yanaanza bila jibu. Hata Antipasi Kiula, ambaye swali hilo linamhusu kuliko mtu mwingine yeyote hapa Sekenke, anakiri kwamba bado analigeuzageuza.

Ni asubuhi, na upepo unaopanda kutoka mbuga ya Wembere bado una ubaridi. Antipasi anavua koti, anatemea mate viganja na kushika mpini wa winchi ya mti iliyosimikwa juu ya mdomo wa duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Kamba imefungwa kiunoni mwa shemeji yake, Kefa, aliyekwisha kuning'iniza miguu juu ya giza la mita ishirini na tano.

"Shemeji, umekunywa uji?" Kefa anauliza.

"Nimekunywa."

"Wote? Maana mkeo jana kanishindilia ugali. Leo mimi ni mzito."

"Wewe uzito wako ni wa mdomo tu. Shuka!"

Wachimbaji wengine wawili wanaosubiri zamu wanacheka. Kamba inaanza kutiririka taratibu, na misuli ya mikono ya Antipasi inakaza. Winchi hii haina kizuizi chochote. Mshikaji akiiachia, aliye chini hana kitu kingine cha kumzuia asianguke.

Antipasi, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, alifika hapa mwaka 1991, biashara ya dhahabu ilipokuwa imefunguliwa kwa watu binafsi na vijana wa Iramba wakayaacha mashamba ya mtama kuja kujaribu bahati. Hakuwahi kuwa mchimbaji. Tangu siku za kwanza aliwekwa kwenye kamba, kwa sababu ni mtulivu na hanywi pombe.

Malipo yake ni mawe. Katika kila mifuko kumi inayotolewa, sita ni ya mwenye duara, na minne hugawanywa kwa wafanyakazi. Katika mwezi mzuri, fungu lake humpatia kiasi cha shilingi elfu arobaini. Kuna miezi ambayo mawe hayana kitu, naye hurudi nyumbani kwa mkewe Theodora na watoto wao watatu akiwa na vumbi tu.

"Lakini sijawahi kumwangusha mtu," anasema. "Hilo ndilo jina langu hapa."

Jina hilo sasa limo mashakani, na sababu yake inaanzia mbali, kwa babu yake mzaa baba.

Mzee huyo, aliyeitwa Mughwai, alishika kichwa ghafla akiwa shambani, akaanguka na kufa siku hiyo hiyo. Miaka mingi baadaye kaka mkubwa wa Antipasi, aliyepewa jina la babu huyo, alianza kuanguka kifafa na kulalamikia kichwa. Alifariki akiwa bado kijana.

Ukoo ukahitimisha kwamba ugonjwa unafuata jina. Tangu hapo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyeitwa Mughwai tena. Wazee walidhani wameufungia mlango.

"Mama aliniambia, 'Wewe nenda katafute, mwanangu. Jina lako ni la kanisani, halina deni na mtu,'" anakumbuka Antipasi. "Nikaamini. Hapa duarani pia watu wanaijua habari ya kaka yangu, lakini hakuna aliyeniogopa. Mimi sikuwa Mughwai."

Mwaka jana imani hiyo ilivunjika. Dada yake Redempta, ambaye ni mke wa Kefa, alianguka akiwa kisimani akichota maji, na upande mmoja wa mwili ukapooza. Alifikishwa hadi Dar es Salaam. Picha ya kichwa ilionyesha mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo iliyojikusanya kama vishada vya zabibu, na kishada kimoja kilikuwa kimevuja.

Madaktari waliomhudumia walikuwa wakishirikiana na wataalamu wa nje ya nchi. Damu yake ikasafirishwa, na hitilafu ikaonekana katika vinasaba, yaani vile vitu ndani ya mwili vinavyopitisha maumbile kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Kwa kuwa hitilafu yenyewe imeshajulikana, ndugu wa Redempta wanaweza kupimwa damu ili ijulikane nani ameirithi.

Antipasi alitolewa damu katika zahanati ya misheni yapata miezi miwili iliyopita. Majibu yamefika. Bado hajayachukua.

Muuguzi Rebeka, ambaye ndiye anayezungumza na familia hiyo, anasema jina halihusiki kabisa. "Mzazi mwenye hitilafu hii, kila mtoto wake ana nafasi sawa ya kuirithi au kuikosa. Baba yao lazima alikuwa nayo, lakini aliishi hadi akazeeka. Kipimo hakimwambii mtu ataugua lini, wala kama ataugua. Kinamwambia tu kama anayo."

Anaongeza kwamba anayebainika hufuatiliwa, hupigwa picha ya kichwa inapowezekana, na hushauriwa kuhusu kazi ambazo kuanguka kwake kunaweza kumdhuru yeye au mwingine. Antipasi alimweleza muuguzi huyo kazi yake ya kamba.

Alikuwa na sababu ya kueleza. Wakati wa kiangazi, akiwa anamvuta Kefa kutoka chini, mkono wake wa kushoto uliingia ganzi. Mpini ukamponyoka na kuzunguka mara moja kabla hajaudaka kwa mkono wa kulia na kifua. Kefa alishuka ghafla kiasi cha urefu wa mtu, akajigonga bega kwenye mwamba.

"Nilipomtoa aliniuliza, 'Shemeji, ulitaka nikawasalimie babu zako?' Watu wakacheka. Mimi sikucheka," anasema Antipasi.

Huenda ganzi ile haikuwa na uhusiano wowote na ubongo. Sista Rebeka, kama anavyoitwa hapa, anasema mtu aliyezungusha mpini miaka yote hiyo anaweza kufa ganzi kwa uchovu wa mishipa ya mkono tu. Hata hivyo habari zilimfikia mwenye duara, Mzee Abdulhamidi, mfanyabiashara wa Singida mjini.

"Mimi si mkatili," anasema Abdulhamidi. "Lakini mtu akifia kwenye shimo langu, nitamwambia nini mjane wake? Antipasi achukue majibu. Akiwa salama, abaki. Akiwa na ugonjwa huo, akauze kuku pale Mkiwa, mabasi yanapopita. Akikataa kuchukua, pia aende."

Ungetarajia Kefa, ambaye uhai wake ndio unaoning'inia, aunge mkono. Yeye ndiye anayepinga kwa sauti kubwa zaidi.

"Asiyachukue!" anasema akiwa ameketi kwenye rundo la kifusi. "Akiambiwa anao, wataniletea kijana wa bangi anishike. Huyu namjua. Halafu nyumbani kwangu nina mke anayejifunza upya kushika kijiko, nina watoto wawili ambao damu hiyo hiyo imewapitia au haikuwapitia. Habari za vichwa zimenitosha. Mtu hawezi kuishi akihesabu kila kinachomuuma."

Antipasi anamsikiliza, kisha anamjibu kwa upole: "Shemeji, unaogopa majibu yangu kwa sababu ya watoto wako."

Kefa anaokota jiwe, anaitazama mistari yake, analitupa. "Na wewe huogopi?"

"Naogopa. Ningekuwa siogopi ningeshayachukua."

Nyumbani, Theodora anapepeta mtama huku akieleza kwamba tangu damu itolewe mumewe hulala vibaya. "Nilimwambia, Baba Deo, mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na majibu. Lakini usishike kamba ya baba wa watoto wa wifi yangu huku umefumba macho. Hapo sitakutetea."

Siku ya mwisho ya ziara ya mwandishi, kazi inasimamishwa mapema. Abdulhamidi amefika kwa pikipiki yake. Antipasi anamwamkia shikamoo, kisha anabaki amesimama kando ya winchi. Wachimbaji wameketi chini, Kefa akiwa karibu naye zaidi.

"Mzee, nimefanya uamuzi, na nataka wote muusikie kwa mdomo wangu," anaanza. "Kesho naenda zahanati. Nayachukua majibu."

"Hayo ndiyo maneno," anasema Abdulhamidi.

"Sijamaliza. Yakiwa mabaya, sishiki tena kamba hii. Nitaponda mawe juu hapa, kazi ambayo nikianguka naanguka peke yangu. Yakiwa mazuri, nitaishika, lakini si peke yangu. Tunaweka mpini wa pili upande wa pili, na mtu wa pili."

"Mtu wa pili? Fungu lake litoke wapi?"

"Nusu kwangu, nusu kwako."

Abdulhamidi anacheka. "Antipasi, kumbe umeingia siasa! Ukiwa salama, mtu wa pili wa nini?"

"Mimi nitakuwa nimepimwa, Mzee. Hawa wengine hakuna aliyepimwa, na malaria nayo inaangusha mtu. Tulikuwa tukiangalia jina, tukamkosa Redempta. Sasa tukiangalia damu yangu peke yake, tutamkosa mwingine."

Kefa anasema polepole, "Na sisi wa chini tunasema nini?"

"Nyie semeni lenu. Langu ni hili," anajibu Antipasi. "Kuanzia kesho kutwa, majibu yawe yoyote, simshushi mtu kwenye winchi ya mshikaji mmoja. Mzee, ukiona haikufai, tafuta mwingine. Shemeji, nikirudi, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa baada ya mke wangu."