Siku Kaiti Iliponipeleka kwa Baba Mkwe

Nyie chekeni tu, maana mimi mwenyewe nimeona aibu mpaka aibu imenichoka. Kisondela nzima inajua kwamba mimi ndiye yule mkamwana aliyemkimbiza baba mkwe wake uwanjani, na nikisema sikumkimbiza, nilikuwa navutwa, watu wanaitikia "eeh, tumeelewa" kwa namna ambayo unajua kabisa hawajaelewa kitu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilifanya kazi Paje, Zanzibar, wanakofundisha kaiti (zile tiara kubwa zinazomvuta mtu juu ya maji amesimama kwenye ubao), na huko nikakutana na Lusajo, mpishi, Mnyakyusa mpole, tukaoana akanileta kwao Kisondela, Rungwe. Siku ya kwanza tu mama mkwe akanikalisha jikoni. "Mwanangu, baba yako humwangalii usoni, humsalimii, ukimwona njiani unaingia kwenye migomba unampisha. Na yeye atafanya vivyo hivyo." Nikauliza, kwani nimemkosea nini? "Hujamkosea. Ni heshima." Nikaitikia ndiyo mama, lakini kichwani hakikuingia kitu, maana kwetu heshima ni kusogea karibu na kuulizana hali mpaka ya kuku. Wiki zikapita, mzee kwangu ni kikohozi cha nje na sahani ya chakula nilichopika inayorudi tupu (na sahani tupu haisemi kama chakula kimeliwa au kimepewa mbwa). Nilitamani sana anikubali, na sikujua hata nitajuaje kama amenikubali.

Sasa Lusajo akaahidi kunipeleka Matema, ziwani, nikaruke kidogo. Nikasema nikaijaribu kaiti kwanza uwanja wa shule, shule zimefungwa, hakuna mtu isipokuwa wanakwaya waliokuwa wanafanya mazoezi nje ya kanisa lililo kando ya uwanja. Nikamuuliza wifi yangu Sekela, baba yuko wapi? "Kaenda Kiwira, anarudi jioni." Basi nikavaa mkanda wangu wa kiunoni, ule unaofungwa kwenye kamba za kaiti, Sekela akanishikia kaiti, roho kwatu.

Hapa lazima niwaeleze kidogo, vumilieni. Kaiti za wanafunzi zimelala bapa, ukiachia mpini wa kuiongozea nguvu inakufa, unapumua. Yangu imekunjika sana, kama mkono wa kikombe, ni ya kuchezea sarakasi za hewani: inakuvuta kwa nguvu mpaka uruke, halafu inalegea ghafla ili upate nafasi ya kupitisha mpini mgongoni. Ukiachia mpini wake haifi, inaendelea kuvuta. Na kamba za nyuma zina mafundo, ukizifupisha inavuta zaidi, ukizidisha inakuwa nzito kugeuka na upepo ukipungua inaanguka kinyumenyume. Hayo yote nayajua, nimewafundisha watu. Lakini asubuhi ile upepo ulikuwa mvivu, kaiti inapepesuka tu, nikasema ngoja nifupishe kamba, fundo moja. (Nikafupisha mawili.)

Kaiti ikapanda vizuri, wanakwaya wakaacha kuimba wakapiga makofi, nami kichwa kikavimba, na hapo hapo upepo ukashuka kutoka upande wa mlima ukaikamata kaiti, na mimi mbio uwanjani, visigino vinachimba nyasi. Na mbele yangu, akikatiza uwanja na kifurushi begani, baba mkwe. Baadaye nikaambiwa alirudi mapema, akasikia mkamwana yuko nyumbani, akaamua kupita uwanjani ili tusikutane!

Mzee aliponiona akafunika uso na kofia akageukia kushoto. Mimi kwa heshima nikavuta mpini kulia nimpishe. Kaiti haikutii. Nikavuta tena, nikaning'inia, na ilipokuja kutii mzee naye alikuwa ameshahamia kulia kunipisha mimi. Akarudi kushoto, kaiti nayo ikarudi kushoto. Kutoka kanisani nikasikia, "Mwe bandu! Jamani watu, anamkimbiza mkwe wake!" na Sekela nyuma yangu anapiga kelele, "Wifi, achia! Achia!"

Mtaniuliza, kwani hiyo kaiti haina kitu cha kuizima? Kipo, kifuani hapa, unasukuma mara moja tu. Nilikikumbuka. Tatizo mkono mmoja ulikuwa kwenye mpini na mwingine kufikia hapo nimejifunika macho, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisimwone baba mkwe na nilikuwa nazingatia. Ndiyo. Nilikuwa navutwa na kaiti huku nimefumba macho kwa adabu.

Mzee, kama nilivyosimuliwa na Sekela, akaingia kwenye migomba, mahali pa kujificha mkwe yeyote mwenye akili, na hapo hapo upepo ukakata. Kaiti ikarudi kinyumenyume, ikashuka polepole, ikamfunika mzee mzima pamoja na migomba miwili. Mimi nikaanguka hatua chache kutoka kwake, kamba zimenizunguka miguu, siendi mbele wala nyuma. Nikafumbua jicho moja. Nikaona mabuti tu, yametokeza chini ya kitambaa.

Nikaanza kulia, maana nilijua ndoa imeisha.

Kisha sauti ikatoka chini ya kaiti, sauti ambayo nilikuwa naifahamu kwa kukohoa tu. "Wewe mgomba. Hebu muulize huyo mtoto kama ameumia."

Nilitazama mgomba. Sikujua sheria inasemaje. Nikasema, "Mgomba, mwambie baba sijaumia. Mwambie naomba radhi."

"Mgomba, mwambie asilie." Akakohoa. "Na mwambie yale maharage ya nazi aliyopika juzi, watu wa jikoni waliniletea kidogo."

Mama mkwe akafika anahema, akasimama katikati yetu, huku mume wake amefunikwa, huku mkamwana amefungwa, wanakwaya wote wamejaa pembeni, na akawa hajui amwokoe nani kwanza.

"Anza na mtoto," mzee akasema, safari hii bila mgomba.

Mzee alikaa chini ya ile kaiti mpaka nilipofunguliwa nikaondoka, ndipo akatoka. Mpaka leo watu wanabishana kama tulionana au hatukuonana, na mimi siwezi kuwasaidia, kwa sababu hata mimi sijui. Ninachojua ni kwamba sirushi tena kaiti Kisondela, na hata huko Matema sifupishi kamba kwa sababu ya upepo wa asubuhi. Na maharage ya nazi sasa napika sufuria kubwa, napakua mwenyewe sahani ya baba, naijaza mpaka inamwagika.