Kidonge cha Nasiba

Nasiba Abdulkadir, anayetuuzia viazi karai hapa mtaani Barani, ni mwoga, na wala hafichi. Anaogopa radi, anaogopa mbwa, anaogopa hata kupokea simu ya namba asiyoijua. Tunamcheka sana. Lakini kwa presha hatumcheki, kwa sababu ilimwangusha mamake jikoni, mwiko mkononi, akamaliza umri wake mdomo umekwenda upande. Nasiba mwenyewe anayo, na kila asubuhi humeza kidonge kabla ya chai.

Basi wauguzi walipopita shuleni kupima wanafunzi, na binti yake Nana, msichana wa miaka kumi na minne, akarudi kusema yake imepanda, Nasiba aliketi pale pale sakafuni.

"Watoto hawapati presha," alisema.

Nana alikuwa akila embe bichi kwa chumvi na pilipili. Mamake alimpokonya, akalitupa uani, kisha akalia.

Waliambiwa waende zahanati apimwe tena, maana kipimo kimoja hakitoshi. Siku zile za kungoja, Nasiba alikuwa hana raha. Mtoto akijilaza mchana, yeye humwekea mkono kifuani kusikiliza moyo. Viazi viliungua, wateja tukanuna.

Hofu ndiyo iliyompa lile wazo bovu. Jioni ya kuamkia siku ya kipimo alimpa Nana kidonge chake mwenyewe, ili kipimo kitoke kizuri, na asubuhi akampa kingine.

"Cha nini, Mama?"

"Meza, mwanangu. Usiniulize."

Zahanatini, Sista Zipporah alimfunga Nana kitambaa cha mashine mkononi. Mashine ikanguruma, ikatulia. Sista akatabasamu.

"Iko sawa kabisa, Mama Nana. Labda siku ile aliingiwa na wasiwasi tu. Nendeni, hamna haja ya kurudi."

Nasiba alisema alhamdulillahi, akamshika mtoto mkono wakatoka. Alikuwa amepata alilolitaka. Nje, Nana alikuwa akirukaruka.

"Sasa nitakula embe langu, Mama! Na chumvi yake!"

Hapo Nasiba akasimama ghafla. Hakuna tena ambaye angempima mtoto huyu. Angekua, angecheka, angekula chumvi yake, mpaka siku naye aanguke jikoni, mwiko mkononi. Na aliyewafukuza wauguzi ni mamake mzazi.

Alirudi ndani, akampita mgonjwa mwingine mlangoni bila hata kumwomba radhi.

"Sista, kile kipimo si chake. Nilimpa dawa yangu, jana na leo."

Tabasamu la Sista Zipporah likaondoka. Akavuta kiti, akauliza ni dawa gani, akasema Nana akae hapo hapo atazamwe, na siku nyingine aje bila kumeza chochote.

Nana alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Furaha ilikuwa imemtoka.

"Kwa hivyo n'nayo, Mama?"

"Sijui, mwanangu," alisema Nasiba, na safari hii hakumficha kitu. "Tutakuja tena tujue."