Nilisafisha kucha za marehemu, Karisa akafungwa maisha

Wakuu, assalaam alaikum. Na ndugu zetu wasio Waislamu, hamjambo.

Sifa zote njema ni zake Mola aliyenipa umri na pumzi mpaka leo. Namshukuru hata kwa haya nitakayosimulia, ingawa yamenivunja. Nitasema niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono yangu. Sina la kuongeza.

Mimi huosha maiti hapa Mji wa Kale, kama alivyokuwa baba yangu.

Jirani yangu, Mzee Twahir, alikuwa fundi wa saa katika barabara ya Ndia Kuu. Asubuhi moja alikutwa amenyongwa dukani kwake. Aliyemkuta ni Karisa, Mgiriama mwenye watoto wanne, aliyekuwa akituletea maji kwa mkokoteni. Yeye ndiye aliyepiga ukelele tukatoka.

Polisi wakaja, daktari akamtazama marehemu upesi upesi. Wa kwanza kusihi nilikuwa mimi.

"Afande, tafadhali, sisi hatulazi maiti. Tupeni tumzike kabla ya Alasiri."

Wakatukabidhi. Nikaona nimefanya jambo kubwa.

Nikamwosha. Kwenye kucha za mkono wa kulia palikuwa na damu, na vipande vidogo kama ngozi. Damu ni najisi. Nikachukua kijiti na kitambaa, nikazisafisha moja moja, bila haraka, kama nilivyofundishwa. Kitambaa nikakichoma.

Maji niliyotumia yalitoka kwenye madumu ya Karisa.

(Najua wapo watakaosema haifai mwosha maiti kusimulia aliyoyaona. Ni kweli, aibu ya maiti husitiriwa. Lakini hii si aibu, na yuko mtu hai kifungoni.)

Jioni Karisa akakamatwa, kwa kuwa mkononi alikuwa na mikwaruzo.

Wakuu, mikwaruzo ile naijua. Siku mbili kabla, mkokoteni ulimponyoka mlangoni kwangu, bati la ubavuni mwake likamchana mkono. Mke wangu alimpaka dawa huku akimtania, "Karisa, hata mkokoteni wakudai talaka?"

Nikaenda mahakamani kumtetea. Nikaapa, nikaeleza habari ya bati. Na kwa kuwa nimeapa, nikaeleza na kucha.

"Mzee, uliona damu kwenye kucha za marehemu?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Niliona."

"Na mshtakiwa ana mikwaruzo?"

"Anayo, lakini ni ya bati."

"Ahsante mzee, yatosha."

Ikatosha kweli. Kifungo cha maisha.

Wakati wa rufaa alinijia wakili wake mpya, mama mmoja wa mtaa wa Kizingo. Akanieleza mambo ya DNA. Kumbe chembe tu ya ngozi ile ingeweza kumtoa Karisa na kumtaja aliyeua.

"Kitambaa kiko wapi, mzee wangu?"

"Nilikichoma."

"Na nguo za marehemu?"

"Zilifuliwa, zikatolewa sadaka."

Akafunga faili lake taratibu. Kahawa aliyowekewa hakuigusa.

Akaomba kaburi lifukuliwe, mahakama ikaruhusu. Maabara ikajibu kwamba kucha hazina kitu. Nilikuwa nimezisafisha vizuri. Rufaa ikatupwa.

Kila mwezi naenda jela kumwona. Mara ya mwisho alicheka, akaniambia, "Mzee, wewe msafi mno. Hungebakisha uchafu kidogo?" Nami nikacheka. Kisha askari akasema muda umekwisha.

Aliyemuua Mzee Twahir huenda yuko papa hapa. Huenda ameshanipa mkono baada ya sala.

Siku hizi nikiitwa kuosha, nauliza kwanza amekufaje. Akiwa ameuawa, simgusi mpaka polisi wachukue kilicho kwenye kucha zake na nguo zake. Wengine hunikasirikia, wananiambia nachelewesha maiti. Nawavumilia. Kuharakisha kuzika ni sunna, lakini haki ya mtu aliye hai haizikwi pamoja na maiti.

Hilo ndilo nililojifunza, nalo halimtoi Karisa. Mwanawe mkubwa sasa ndiye asukumaye mkokoteni. Hunisalimia kwa adabu, nami hushindwa kumtazama.

Mawakili mlio humu, na waosha maiti wenzangu: kama mnaona mlango wowote uliobaki, niandikieni hapa chini. Hata kama ni wa kunilaumu, andikeni, nitasoma.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akupe kheri ya dunia na ya akhera, na akukinge usije ukamwangamiza mtu kwa jambo ulilolifanya kwa nia njema. Amin.