Mungu wa Watu Ndani ya Tuktuk

Mikono minne baba yangu aliikubali bila neno. Kichwa cha tembo juu ya mwili wa mtu mwenye kitambi, sawa. Panya mdogo miguuni, hilo pia sawa, hata alicheka. Kilichomkera katika picha ile ni pembe moja iliyovunjika.

"Dalali ametuletea picha ya kitu kilichoharibika," aliniambia, akiigeuza karatasi kwenye mwanga wa mlango. "Anadhani sijui tembo ana pembe ngapi?"

Baba amechonga mawe huko Tabaka, Kisii, tangu kabla sijazaliwa, na nadhani ametengeneza tembo wengi kuliko waliobaki porini. Basi akamchonga mungu huyo wa Wahindi na pembe mbili kamili, akazipiga msasa ndani ya maji mpaka zikateleza. Mimi nilikuwa pale, nimetoka Nyamira kumletea ndizi, nikamsifu. Mwalimu mzima, nalipwa kuwauliza watoto maswali, lakini siku hiyo sikuuliza hata moja.

Waliouliza ni washiriki wa kanisa. Baba ni mzee wa kanisa la Wasabato, na kuchonga sanamu itakayoabudiwa si jambo dogo kwetu. Aliwajibu kwamba yeye anachonga tembo, na tembo akishauzwa, mambo yake ni ya huko alikokwenda.

Kazi ya Tabaka iko hivi: unachonga, dalali anakuja na gari, anafunga vitu kwa magazeti, anaondoka. Kiboko wako anaenda ng'ambo, sahani zako zinaenda Nairobi, wewe unabaki na vumbi kwenye nyusi. Maisha yake yote baba hakuwahi kuona kazi yake hata moja ikiwa mahali ilipokusudiwa kukaa. Sasa macho yalikuwa yanaingia ukungu, na daktari alishasema jicho la kushoto lisitegemewe tena. Kwa hiyo dalali alipokuja kumchukua mungu, baba akakataa, akasema jiwe haliendi bila yeye.

"Hii moja nataka kuiona ikikaa," alisema.

Dalali alichoka kubishana. Akamwambia basi aipeleke mwenyewe, ni hekalu lililo karibu na bahari, Mombasa, ataliona tu. Kisha akazima simu. Mimi nikachaguliwa kumsindikiza kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na kwa sababu ndugu zangu ni wajanja.

Mombasa ni kisiwa. Kila kitu kiko karibu na bahari, hata benki. Nilimweleza baba hivyo tukiwa tumesimama kando ya barabara na gunia zito kuliko ndama, huku nikimpigia dalali mara ya ishirini na kuambiwa hapatikani. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuivisha sufuria ya githeri. Tukakodi tuktuk ya siku nzima. Baba akakaa nyuma na gunia, mimi nikabanana mbele na dereva, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, ambaye alifunua gunia kidogo, akachungulia, akafunika.

"Mshike vyema, mzee," alisema. "Huyo ni mungu wa watu."

Baba akamkumbatia kiunoni. Tulipita hivyo katikati ya mji, mzee wa kanisa na mungu wa watu, na askari wa barabarani akatupigia saluti. Mpaka leo sijui alimpigia nani kati yao.

Kwenye hekalu la kwanza tulivua viatu. Baba alisimama mlangoni akafumba macho na kuomba, nadhani alikuwa anajitetea. Kuhani alimtazama tembo wetu kwa heshima, akasema ni mzuri sana lakini wao wanaye. Akatuonyesha wa kwao, wa marumaru, amevaa nguo nzuri kuliko zangu zote. Tukapewa maziwa na vitamutamu, tukaambiwa tujaribu upande wa kaskazini, ng'ambo ya daraja.

Hekalu la pili lilikuwa na harusi. Tulipoingia na mzigo wetu, mjomba wa bibi harusi akamkumbatia baba, na kabla sijafungua kinywa, wanaume wanne walikuwa wameshamweka mungu kwenye meza ya zawadi, kati ya blenda na seti ya vikombe. Mpiga picha akampanga baba kando yake. Baba aling'aa uso mzima.

"Ni hapa?" aliniuliza.

Kumwambia baba kwamba si hapo ilikuwa kazi ngumu. Kumwambia yule mjomba kwamba zawadi si zawadi ilikuwa ngumu zaidi, lakini alicheka mpaka akafuta machozi, na hakukubali tuondoke bila kula. Hapakuwa na nyama. Baba alikagua kila bakuli.

"Hata kamfupa kadogo hakuna?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mayai je?"

"Hakuna, mzee. Sisi hatuli."

Kanisani baba huwahubiria watu waache nyama, kisha Jumapili hula mbuzi kwa dada yake akidhani hatujui. Aliitazama sahani yake, kisha akaniambia kwa Kikisii, kwa wivu mtupu, kwamba hawa watu ni Wasabato kuliko sisi.

Mchana dereva alisimama karibu na ufuo akaenda kuswali. Tulikaa kwenye mchanga, mungu katikati yetu ndani ya gunia. Bahari ilikuwa nzuri, lakini nilikuwa na miguu iliyovimba na sikutaka kuitazama. Akaja mchuuzi mwenye sinia la vinyago.

"Mama, mtazame kiboko huyu. Jiwe la baharini hili, linatolewa chini ya matumbawe."

Baba alimchukua kiboko, akamsogeza kwenye jicho lake zima, akapitisha kidole nyuma ya sikio.

"Hii jiwe imetoka Tabaka," alisema. "Na hii sikio ni mimi nilikata."

"Tabaka ni wapi, mzee?"

"Kisii."

"Kisii kuna bahari?"

Nilisimama kumfundisha mchuuzi jiografia, baba akanivuta sketi nikae. Nikamwambia basi tumnunue kiboko, tumrudishe nyumbani. Alitikisa kichwa, akamrudisha kwenye sinia taratibu.

"Huyu hajafika bado," alisema. "Yuko njiani."

Hekalu la tatu lilikuwa jeupe, juu ya jabali, na ukutani mwa ua wake palikuwa na pango dogo tupu lililosakafiwa upya. Kuhani, mzee wa miwani aliyezaliwa hapo hapo Mombasa, alikuwa na Kiswahili kizuri kuliko hicho ninachofundisha. Alisema ni wao walioagiza, akatushukuru, akashukuru Tabaka yote, akafunua gunia, akainama kutazama.

"Mzee," alisema, "ana pembe mbili."

"Ndiyo," baba akajibu kwa fahari. "Ile picha yenu ilikuwa imevunjika. Mimi nimetengeneza."

Kuhani alieleza kwa upole. Mungu wao aliivunja pembe mwenyewe, akapata kalamu ya kuandikia. Akiwa na zote mbili, huyo ni tembo tu, na hawawezi kumweka pangoni.

Sijawahi kuona uso wa baba ukianguka vile. Niliwaka. Nilimkasirikia kuhani, dalali, na mimi mwenyewe niliyeiona picha na kusifu. Nikasema tutarudi na jiwe letu.

"Nimechapa wanafunzi wangu wa kuchonga kwa sababu ya pembe kuvunjika," baba alimwambia kuhani. "Sasa unataka mimi nivunje?"

"Pigo moja tu, mzee. Fundi wetu ana nyundo."

"Nyundo hapana."

Akazipapasa pembe zote mbili. Kisha akatoa patasi kwenye koti, akaniuliza ni upande gani, kwa kuwa hakuliamini jicho lake. Nikatazama picha, nikamwekea kidole chake mahali. Aligonga mara moja kwa kiganja. Pembe ikaanguka kwenye gunia. Alitaka kulainisha palipokatika, kuhani akamzuia, akasema ni sawa hivyo hivyo. Baba akaguna.

Wakambeba, wakamweka pangoni. Kuhani alisema ibada kubwa itafuata wiki ijayo, lakini tukitaka kukaa, tukae. Baba akakaa chini mbele ya tembo wake, karibu sana, ili amwone.

Hazikupita dakika kumi akaja bibi mmoja wa sari, na ua la njano mkononi. Hakututambua wala hakutuuliza.

"Mzee, sogea kidogo," alisema. "Umenizibia."

Baba akasema samahani, akasogea mpaka ukutani, mahali ambapo kwa jicho lile najua aliona kivuli tu. Bibi akaweka ua, akashika miguu ile ya jiwe, akaanza kunong'ona, na mabega yake yakawa yanatetemeka. Damu ilinichemka. Nilitaka ajue amemfukuza nani. Nikafungua kinywa.

Baba akanishika mkono.

"Nyamaza, mama," alisema. "Mtu anaomba."